Mapigo Laki Moja kwa Kila Picha: Usomaji wa Kiigizi cha Kikokotoo cha Grafu

Skrini ya kikokotoo cha TI-83 Plus ina pikseli 96 kwa upana na 64 kwa kimo, jumla nukta 6,144, na kila nukta ama imekolea weusi ama haikukolea. Casio fx-7000G, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuingia sokoni mwaka 1985, kilikuwa na uwanja wa ukubwa uleule, na Texas Instruments ilipotoa TI-83 Plus mwaka 1999 haikuongeza hata safu moja. Umbo linalodumu miaka 14 katika sekta inayotupa maumbo kila msimu linastahili kusomwa jinsi tunavyozisoma bahari za ushairi wetu, kama sharti ambalo mtunzi amelikubali na ambalo ustadi wake unapimwa ndani yake.

Matini iliyo mbele yangu, hata hivyo, ni kiigizi cha kikokotoo hicho: programu inayokaa ndani ya kivinjari cha kompyuta au simu na kuyatenda, amri kwa amri, yale ambayo prosesa ya kikokotoo ingeyatenda. Mfano ulio wazi ni jsTIfied ya Christopher Mitchell, mwasisi wa Cemetech na mwandishi wa kitabu cha mwaka 2012 kuhusu kuviandikia programu vikokotoo hivi. Imetungwa kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari huielewa. Ndugu yake mkubwa ni MAME, mradi wa kuhifadhi mashine za zamani, ambao Internet Archive iliutumia mwaka 2023 kufungua mkusanyo uitwao Calculator Drawer, humo TI-83 Plus ikakaa jirani na HP 48GX. Nitausoma utanzu mzima badala ya kazi moja, kwa sababu mbinu ninazotaka kuzipima ni za utanzu, na mtunzi mmoja mmoja hutofautiana na wenzake katika kiwango cha uangalifu tu.

Hapa Rahaleo, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, msomaji wa matini hii ana nafasi ya pekee. Mwanafunzi wa kidato cha nne huingia kwenye mtihani wa Hisabati na majedwali na karatasi ya grafu, bila kalkuleta. Wa kidato cha sita huruhusiwa kalkuleta, mradi iwe ya aina isiyopokea programu. Kwa kanuni hiyo ya Baraza la Mitihani, kikokotoo cha grafu hakina mlango wa kuingilia darasani, na kisichoingia darasani muuzaji hana sababu ya kukiagiza. Wengi wetu basi tumekutana na mwigo kabla ya asili yake, sawa na mtu aliyelijua shairi kwa sauti ya mghani asiwahi kumwona mtunzi wala diwani. Sioni hasara katika hilo. Msomaji wa Marekani hukifungua kiigizi akitafuta ujana wake. Sisi hatuna ujana wa kuutafuta humo, na hivyo tunaweza kuitazama fani kavukavu.

Tuanze na mizani. Moyo wa TI-83 Plus ni prosesa ya Z80, iliyotolewa na kampuni ya Zilog mwaka 1976, ambayo ndani ya kikokotoo hiki hupiga mapigo milioni 6 kwa sekunde. Kila amri ina idadi yake ya mapigo inayojulikana: fupi kabisa hugharimu 4, kusoma baiti moja kutoka kwenye kumbukumbu hugharimu 7, na zile ndefu hufika 23. Kivinjari kwa upande wake hakijui mapigo hayo. Kwa kawaida huchora picha mpya mara 60 kwa sekunde, na kati ya picha na picha humpa mtunzi nafasi ya kufanya kazi yake. Gawanya milioni 6 kwa 60: kila picha inadai mapigo laki moja kamili. Kiigizi kwa hiyo huchota amri, huitambua, huitenda, hutoa gharama yake kwenye hesabu, na hurudia mpaka laki iishe. Kisha hunyamaza mpaka kivinjari kiite tena.

Lakini laki haiishi sawasawa. Amri ya mwisho huanza yakiwa yamebaki mapigo 3, nayo inahitaji 11. Haiwezi kukatwa katikati, kwa hiyo huvuka mpaka kwa mapigo 8. Mtunzi mzembe huyasahau, na mashine yake huizidi kasi ya asili kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Mtunzi makini huyaandika kama deni, na picha inayofuata huanza na mapigo 99,992. Naliona tukio hili dogo kuwa kipimo kizuri cha hulka ya mwandishi wa kiigizi, maana hakuna mtumiaji atakayemsifu kwa kulifanya wala kumlaumu kwa kuliacha. Ni mshororo uliozidi mizani na ubeti unaofuata ukalipa, mizani ya shairi zima ikabaki timilifu.

Kimya nacho kinahesabiwa. Kikokotoo kisipobonyezwa hulala kwa amri iitwayo HALT, kikingoja ukatizaji ufike kukiamsha. Kiigizi kinaweza kuyapitia mapigo ya usingizi moja moja kwa utiifu, au kinaweza kutambua kwamba hakuna kitakachotokea na kuruka moja kwa moja hadi ukatizaji ufuatao. Matokeo kwenye skrini ni yaleyale. Tofauti iko kwenye betri ya simu. Umeme ukiwa umekatika, mtumiaji wa Mtwara ataisifu njia ya pili.

Kutoka kwenye mizani tuingie kwenye biti moja, kwa kuwa ndipo utanzu huu unapojidhihirisha kwa ukali zaidi. Iamuru JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2: itajibu 0.30000000000000004, kwa sababu huhifadhi namba katika mfumo wa mbili, na sehemu ya kumi haiandikiki humo bila masalio. Iulize TI-83 Plus swali hilohilo na jibu ni .3, bila sifuri ya mbele, kama ulivyo mtindo wake. Kikokotoo huhifadhi kila namba halisi katika baiti 9: moja ya ishara na aina, moja ya kipeo, na 7 zinazobeba tarakimu 14 za desimali, mbili kwa kila baiti, jinsi mtoto wa shule anavyoziandika. Skrini huonyesha 10 tu. Nne zilizosalia ni akiba ya kuficha makosa ya ukadiriaji. Ndiyo maana 1 gawanya kwa 3, zidisha kwa 3, huonekana 1.

Sasa, kiigizi kimeandikwa kwa lugha inayokosea 0.1 na 0.2, nacho hutoa .3. Namna gani? Mtunzi hakuandika popote kanuni ya kujumlisha desimali. Aliandika prosesa; desimali imo kwenye maandishi ya kikokotoo chenyewe, katika amri zinazojumlisha baiti kwa baiti na kila mara kumalizia na amri iitwayo DAA, ambayo kazi yake ni kurekebisha jumla ya mfumo wa mbili iwe jumla ya desimali. Tazama 9 na 8. Prosesa huzijumlisha na kupata kiasi ambacho, kikisomwa tarakimu kwa tarakimu, ni 11. Lakini katika kujumlisha, nusu ya chini ya baiti imefurika, na mfuriko huo umeandikwa kwenye bendera ndogo iitwayo H. DAA huitazama H, huikuta imesimama, huongeza 6, na 11 huwa 17. Mtunzi akisahau kuisimamisha bendera hiyo, kikokotoo chake kitasema kwamba 9 na 8 ni 11. Cha kustaajabisha zaidi, kitaendelea kusema kwamba 8 na 5 ni 13, kwa sababu hapo nusu ya chini haifuriki, na DAA hutambua kuwa imevuka 9 bila kuhitaji H. Kosa la aina hiyo hupita majaribio mengi likitabasamu.

Baadhi ya programu za prosesa hii haziisomi H kamwe, na mwandishi wa kiigizi cha mchezo wa zamani angeweza kuipuuza asijulikane. Kwenye kikokotoo, biti moja isiyoonekana hubeba ukweli wa hesabu yote. Wapo wanaoikokotoa H kila amri inapopita, na wapo wanaoandaa mapema jedwali la majibu yote yanayowezekana, kisha kuchungulia tu mstari unaohusika. Njia ya pili haitamshangaza aliyewahi kufungua majedwali ya logi kwenye chumba cha mtihani: ukubwa wa kitabu umelipia kasi ya mkono.

Kuna nidhamu pana zaidi inayofungamana na hilo. Rejista ya Z80 hubeba 0 hadi 255. Ukiongeza 1 kwenye 255 hurudi 0. Namba ya JavaScript haina mpaka wa karibu hivyo, na 255 ongeza 1 huwa 256 bila aibu. Mtunzi hulazimika, baada ya karibu kila tendo, kuichuja namba irudi ndani ya baiti. Ukisoma chanzo cha kiigizi, uchujaji huu hujirudia kama kibwagizo, mamia ya mara, hadi unauona kuwa ndiyo sauti ya kazi nzima: lugha yenye nafasi tele inayojinyima makusudi. Kumbukumbu ya kurasa za kilobaiti 16, ambazo prosesa huzitazama nne kwa mpigo, huigwa kwa hila za kawaida ambazo hazinihitaji kukaa nazo.

Skrini inahitaji tukae. Fuwele za kioo cha kikokotoo ni nzito. Nukta ikiamriwa kukolea huchukua muda, na ikiamriwa kufifia huchukua muda vilevile. Waandishi wa michezo waliutumia uzito huo kama rangi: wakiiwasha na kuizima nukta upesi, kioo kilichoshindwa kufuata kilitoa kijivu, rangi ambayo mashine haikuwa nayo kwa mujibu wa maelezo yake rasmi. Kioo cha simu hakina uzito huo. Kiigizi kinachoionyesha kumbukumbu ya skrini kama ilivyo hutoa mmetameto wa kuumiza macho pale ambapo asili ilitoa kivuli tulivu. Mtunzi makini kwa hiyo huchanganya picha iliyopo na picha chache zilizotangulia, akizipa za zamani nguvu inayopungua, yaani anaandika ulegevu ambao mhandisi wa awali angefurahi kuuondoa. Sijaona mahali pengine katika programu ambapo udhaifu wa malighafi umehamishwa kwa heshima kubwa hivi.

Kwenye vitufe ndipo ninapopunguza sifa. Kikokotoo kina vitufe 50, kila kimoja kikibeba hadi maana tatu, ya pili kwa rangi ya njano na ya tatu kwa kijani. Kwenye kompyuta yenye kipanya picha ya uso wa mashine hutosha. Kwenye simu, ambayo ndiyo kompyuta ya walio wengi hapa, kidole kimoja hufunika vitufe vinne, na herufi za njano hugeuka vumbi. Uaminifu wa sura umeushinda uaminifu wa matumizi. Ningependa mtunzi atoe dhabihu mpangilio wa asili kabla ya kutoa dhabihu macho yangu.

Halafu kuna suala la romu, maandishi ya kudumu ya mashine, ambayo ni mali ya kampuni. jsTIfied haiji nayo. Humtaka mtumiaji ayanakili kutoka kwenye kikokotoo anachomiliki, kisha ayapakie mwenyewe. Kisheria uamuzi huo ni wa busara, na si bila historia: mwaka 2009 wapenzi wa vikokotoo hivi walipozivunja funguo za biti 512 ambazo Texas Instruments ilizitumia kutia sahihi mifumo yake, kampuni iliwatumia barua za kuwataka waziondoe, na Electronic Frontier Foundation ikasimama upande wao. Kifani uamuzi huo una matokeo ya ajabu. Unapokifungua kiigizi kwa mara ya kwanza unakuta mghani aliyeketi, koo safi, hana shairi. Asiye na kikokotoo anabaki na ufundi mtupu mbele yake, na mkusanyo wa Internet Archive, uliokuja na kila kitu ndani yake, ukawa ndio mlango wetu. Baada ya mzigo wa kwanza kupakuliwa, hesabu zote hufanyika ndani ya simu. Bando haliguswi tena.

Linganisha na njia ya NumWorks, kampuni ya Ufaransa iliyotoa kikokotoo chake mwaka 2017 na kuchapisha chanzo cha programu yake. Kikokotoo chake cha kivinjarini hakiigi prosesa yoyote. Chanzo kilekile kinachoingizwa kwenye kifaa hutafsiriwa upya kwa ajili ya kivinjari, bila mapigo ya kuhesabu wala bendera ya kulinda. Ni chepesi, ni kizuri, na mwalimu anayetaka kufundisha keshokutwa akichague hicho. Ila kama kazi ya fani hakina mvutano: mtunzi na mwigaji ni mtu mmoja, na anayejinukuu hana pa kukosea.

Nimefika kwenye grafu. TI-83 Plus huchora kwenye nukta 95 kwa 63, ikiacha safu moja na mstari mmoja ili mhimili upate nukta ya katikati. Huanza ukingo wa kushoto, hukokotoa thamani ya safu ya kwanza, huweka nukta, husogea safu moja, huunganisha, na kistari kidogo hutembea kwenye kona ya juu kulia kuonyesha kwamba kazi inaendelea. Mkunjo hukua mbele ya macho kwa sekunde kadhaa. Zana za leo kama Desmos hutoa mkunjo ukiwa umekamilika, na hivyo huficha kwamba mkunjo ni mfululizo wa maamuzi. Kiigizi kinacholinda mapigo hulinda pia kuchelewa huku, na ndiyo sababu nakiona kuwa jamaa wa karibu zaidi wa karatasi ya grafu: jedwali la thamani, nukta, penseli inayounganisha. Atakayeongeza kasi mara kumi, kama viigizi vingi vinavyoruhusu, atakuwa amekisoma kwa kuruka mistari.

Niliipa mashine maji ya bahari yetu. Kujaa na kupwa kwenye pwani hii, kuanzia Mikindani hadi mlango wa Ruvuma, kunatawaliwa hasa na mawimbi mawili: la mwezi, linalojirudia kila saa 12.42, na la jua, kila saa 12. Yakipatana tunapata bamvua. Yakipingana, maji mafu. Kwa mfano tu nikalipa la mwezi kimo cha mita 1.1 na la jua nusu yake: 1.1cos(2πX/12.42)+0.55cos(2πX/12), X ikiwa saa, pembe zikiwa kwa radiani. Kwa upana wa saa 24, kila hatua kati ya safu na safu ni dakika 15 na ushei, na mkunjo unaochorwa ni ule ambao mwokota chaza angeukubali: maji kujaa mara mbili, kupwa mara mbili.

Nikapanua dirisha hadi siku 30, saa 720. Hatua sasa ni saa 7.66, zaidi ya nusu ya wimbi, na mashine haiwezi tena kuliona wimbi zima. Katika siku hizo maji hujaa mara 58. Skrini inaonyesha vilele vipatavyo 36, yaani 94 toa 58. Kila nukta ni sahihi, na mkunjo unaoziunganisha ni uongo. Lakini angalia umbo la jumla: bamvua ziko pale pale, mbili kwa mwezi, na maji mafu katikati yake. Wimbi la jua, lenye mizunguko 60, nalo limeghushiwa likawa 34, na tofauti kati ya 36 na 34 ni ileile iliyopo kati ya 60 na 58. Bamvua ni zao la tofauti hiyo, kwa hiyo imenusurika uongo ambao haukuwaacha wazazi wake.

Kisha nikaweka saa 1,128, siku 47, ili kila hatua iwe saa 12 kamili. Zigizaga zote zikatoweka. Mkunjo laini ukapanda na kushuka mara tatu na ushei, safi kuliko chochote nilichokichora kabla, na wa uongo kuliko vyote, kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa mara 91. Wimbi la jua limekamatwa kila mara mahali pamoja na kuwa mstari tambarare. La mwezi limebaki na mchepuko wake wa polepole peke yake. Na bado kuna anayeiona bahari hivyo hasa: mtu anayeshuka ufukweni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wala si wakati mwingine wowote, atayakuta maji yakisogea kidogo kidogo na kurejea alama ileile baada ya takriban siku 15. Programu inayochagua yenyewe wapi pa kuongeza nukta ingeichora fomula hiyohiyo kama ukanda mzito wa wino, mstari juu ya mstari, na mtu huyo asingekuwamo. Kwenye kiigizi yumo, kwa sababu mtunzi hakuzisahihisha safu 95 alizopewa.